Somo la Kopo na Bajaji Iliyokwenda Shamba

Kopo tupu la rangi, lile dogo la lita moja, ukiliweka katikati ya barabara litakuambia mtu ameendesha nini maishani mwake. Mwenye pikipiki atalipita kando bila kufikiri. Mwenye gari atalipanga katikati ya magurudumu, kushoto sawa, kulia sawa, halafu atapita juu yake kwa raha zake. Kwa gari la magurudumu manne hiyo ni busara. Kwa tuktuk ni balaa, kwa sababu gurudumu la tatu liko mbele, palepale katikati, na kopo linapondwa hadi linakuwa bapa.

Nilikuwa na gunia zima la makopo ya namna hiyo. Nililiweka nyuma ya nyumba tuliyopanga Kinoo, nje kidogo ya Nairobi, na majirani walidhani nauza vyuma chakavu.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaoanza kazi hii ya kuwasafirisha watu, mnaobonyeza simu mara mbili na mteja ameshapata chumba, gari na mahali pa kula samaki. Siwaonei wivu. Mimi nilikuwa karani katika ofisi ndogo ya usafiri, ghorofa ya pili, katikati ya jiji, juu ya duka la kanzu na vitabu vya dini. Kazi yangu kubwa ilikuwa moja. Watu wa Nairobi waliotaka kuzunguka kisiwa cha Unguja kwa tuktuk ya kukodi, wakijiendesha wenyewe huku upepo ukiwapiga kutoka pande zote, walipitia kwangu. Kule wanaiita bajaji. Nilimpangia mteja siku zake, nikamtafutia kibali cha kuendesha kisiwani, nikampeleka Kinoo Jumamosi kufundishwa kwa tuktuk yetu moja kuukuu na makopo yangu, kisha nikampigia Bwana Makame.

Bwana Makame alikuwa upande wa pili wa simu. Alikuwa na bajaji sita, alizozitunza kuliko watu wengine wanavyotunza wake zao, na karibu wageni wake wote walitoka kwetu. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi bila kuonana. Sauti yake ilikuwa nzito, na kichwani mwangu nilikuwa nimemchora mtu mrefu mwenye mabega.

Yeye ndiye aliyenifundisha kusalimu. Mimi ni Mkamba, mwenyeji wa Kitui, lakini Nairobi ilikuwa imeshanila. Siku ya kwanza nilimwambia, "Sasa Makame, uko na tuktuk ya Ijumaa?" Akanyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha akasema taratibu, "Bi Mwikali, hujambo? Za asubuhi? Watoto hawajambo? Mvua huko imenyesha?" Nikajibu yote, moja baada ya jingine, huku nikitazama saa ya ukutani. Tulipofika mwisho akasema, "Haya, sasa tuzungumze bajaji." Toka siku hiyo sikuthubutu kuruka hata salamu ya mvua.

Sasa chukueni haya, hayamo kwenye simu zenu. Usimruhusu mteja abebe sanduku gumu. Nyuma ya kiti hamna nafasi, abebe mfuko unaokunjika. Mwambie ashushe mapazia ya plastiki kabla mvua haijaanza, maana ikishaanza atayashusha akiwa ameloa tayari. Jua la tuktuk halitoki juu, linaingia ubavuni, kwa hiyo afunike magoti na mikono kwa leso. Ajaze mafuta mjini. Asipige kona akiinama kama mtu wa bodaboda, kwa sababu tuktuk haijui kuinama, inajua kuanguka tu. Na shimo alipitishe kati ya gurudumu la mbele na moja la nyuma, asilipange katikati. Hilo nililirudia hadi wateja wakanichoka.

Kila mteja alikuwa na fomu, na chini ya fomu palikuwa na kisanduku kimeandikwa "Amefundishwa". Nilikitia alama mimi mwenyewe, kwa kalamu. Kisanduku kidogo, ukubwa wa punje ya mahindi. Kumbukeni hicho kisanduku.

Daktari mmoja wa Loresho, mtaa wa wenye nacho, alikuja Kinoo Jumamosi yenye mvua. Alishuka kwenye gari kubwa akiwa na mkewe, mama mpole aliyevaa viatu vyeupe. Tope lilikuwa limefika kwenye kizingiti. Daktari aliitazama tuktuk, akanitazama mimi na kopo langu mkononi.

"Mama, mimi nimedrive miaka thelathini," akasema. "Hii kitu ndogo itanishinda?"

"Haitakushinda, Daktari. Ni dakika kumi tu."

"Kesho asubuhi tuko na ndege. Tusaini hiyo karatasi twende."

Mkewe alisema, "Si ujaribu tu?" lakini alisema polepole, na Daktari alikuwa ameshashika mlango wa gari. Nilikuwa na mazoezi ya kwaya saa nane. Mvua ilikuwa ikininyeshea. Na niseme ukweli, nilimwogopa. Mtu akiitwa Daktari mimi hukunja mgongo kabla sijajua ninachokikunjia. Nikatia alama kwenye kisanduku.

Siku ya tatu ya safari yao, Daktari alikutana na shimo kusini mwa kisiwa. Alilipanga katikati, kushoto sawa, kulia sawa. Gurudumu la mbele likazama, bajaji ikapiga magoti, na mkewe akarushwa mbele akavunjika kifundo cha mkono. Watu waliokuwa wakipita waliwasaidia wakawapeleka hospitali. Kabla ya saa sita Daktari alikuwa ameshampigia bosi wetu, Madam, na kumwambia kwamba alipewa tuktuk mbovu, sehemu ya mbele ilikuwa imeoza, na angekwenda kwa wakili.

Madam alitoka ofisini kwake ameshika simu. Alikuwa mama wa Parklands, mkali wa haki, asiyependa kelele. "Mwikali, hii maneno ya Daktari ni gani? Hebu pigia huyo Makame."

Nikampigia. Makame hakuacha salamu hata siku hiyo, ila alizipitisha haraka.

"Mgeni mzima, alhamdulillahi," akasema. "Mkewe kaumia mkono, nimetoka kumtazama hospitali sasa hivi. Bajaji yenyewe iko shamba."

"Shamba?"

"Shamba, kwetu. Ndugu zangu wanaitazama, kesho nitaifuata."

"Na ilikuwa sawa kabla ya hii safari?"

"Sawa kabisa. Wiki iliyopita ilikuwa shamba siku nne, ikarudi haina hata msumari uliolegea."

Nikamshukuru, nikakata simu. Kwetu Kitui shamba ni shamba: jembe, mbaazi, mbolea ya ng'ombe. Niliiona bajaji ya wageni imepakiwa magunia hadi kwenye paa, siku nne, inapita matutani. Nilidhani nimeelewa kwa nini sehemu ya mbele ilivunjika. Na niwaambie jambo la aibu: nilifarijika. Kama kosa ni la magunia ya Makame, basi si la kisanduku changu.

Nikaingia kwa Madam. "Makame amekuwa akitumia hiyo tuktuk kwa shamba yake," nikasema.

"Siku ngapi?"

"Siku nne, wiki iliyopita."

"Anabeba mahindi na gari ya wageni? Amekuambia hivyo yeye mwenyewe?"

"Ndivyo amesema."

Hakuwa amesema hivyo. Alikuwa amesema neno moja, na mengine yote niliyatoa kichwani mwangu. Madam aliniamuru niandike ujumbe wa kuvunja mapatano naye siku hiyohiyo. Niliuandika mimi, kwa Kiswahili kizuri, nikautuma. Makame alijibu jioni: "Nimesoma. Kila la heri." Hapakuwa na za asubuhi, wala za watoto, wala za mvua. Nilikaa na ile simu mkononi muda mrefu, nikajua nimeumiza mtu, hata kama wakati ule niliamini anastahili.

Wiki tatu zikapita. Tulikuwa tumepata mtu mwingine kisiwani, kijana mwepesi wa kujibu, asiyesalimu kabisa. Nilipaswa kumfurahia.

Duka la kanzu lililokuwa chini ya ofisi yetu lilikuwa la Ustadh Athumani, mzee wa Kimombasa, muungwana, aliyefundisha watoto Kurani jioni. Saa nne asubuhi nilikuwa nikishuka kunywa chai kwake, ile ya tangawizi. Siku hiyo nilimkuta amekasirika kidogo kwa sababu ndugu yake hapokei simu.

"Yuko wapi?" nikauliza.

"Yuko Unguja, lakini kaenda shamba. Huko mtandao wa taabu."

"Analima nini?"

Ustadh alinitazama kama mtu aliyesikia vibaya. "Alime nini tena yule, Bi Mwikali? Hata mchicha haujui. Kaenda kuogelea na wanawe, hoteli ya huko Nungwi."

"Si umesema yuko shamba?"

Akaanza kucheka, kwanza kwa mabega, kisha kwa tumbo. "Unguja ina pahala pawili tu. Kuna mjini, na kuna shamba. Ukishatoka mjini, hata ulale kwenye kitanda cha dhahabu, uko shamba. Kwani hukujua? Si unapeleka watu huko kila wiki?"

Niliweka kikombe chini bila kukimaliza. Nilipanda ngazi, nikafungua faili za wateja, nikarudi nyuma hadi wiki ile. Haikunichukua muda. Bwana na bibi wa Nairobi, bajaji ya Makame, siku nne, Nungwi na Matemwe. Fomu niliijaza mimi. Wale ndio waliokuwa shamba na bajaji siku nne. Magunia yangu ya mahindi yalikuwa watu wawili waliovaa kofia za jua, na niliwaaga mwenyewe kwa mkono.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na mimi niliyesema neno hilo kwa wateja kila siku nilishindwa kuuliza swali moja: "Shamba gani, Bwana Makame?" Lingechukua muda wa kupiga chafya. Vijana, mtu anayesema lugha yenu ndiye wa kuchunga zaidi. Na Mchina mkishindwa kuelewana mtaita mkalimani. Na Mswahili mwenzenu mtaitikiana "ndiyo, ndiyo", na kila mmoja ameelewa lake.

Sikwenda kwa Madam mara moja. Nilikwenda kwanza msalani nikanawa uso. Nilijua nikilitoa lile la shamba, la kisanduku litafuata, maana kama bajaji ilikuwa nzima, Madam angeuliza ni nini kilichovunja. Nilibakisha miaka michache nistaafu. Ningeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua isipokuwa mimi, Daktari na mkewe. Kilichonisukuma si ushujaa. Ni ile "Kila la heri" isiyo na salamu. Ilikuwa imenikalia kooni wiki tatu.

Nikamweleza Madam yote mawili, nimesimama. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwikali, hiyo fomu ulitick."

"Nilitick, Madam."

"Na hakufunzwa."

"Hakufunzwa."

Aligeuza kalamu mezani mara kadhaa. "Mimi siwezi kukusaidia hapo. Enda Loresho umwambie Daktari mwenyewe. Akikataa, tutaonana na wakili, na wewe utakuwa shahidi wa kujimaliza."

Jumamosi nikaiwasha tuktuk ya Kinoo. Nilishuka nayo Waiyaki Way, nimebana kushoto, magari makubwa yakinipulizia moshi, kopo likigongagonga miguuni pangu. Mlinzi wa lango kule Loresho hakutaka kunifungulia. Alidhani nimeleta mboga. Mke wa Daktari ndiye aliyetoka, mkono ukiwa kwenye plasta, akanikaribisha mpaka ndani ya ua.

Nilimwambia Daktari kwamba kosa la kwanza lilikuwa langu, kwamba nilitia alama ya uongo kwa sababu nilimwogopa, na kwamba mtu mmoja kisiwani amepoteza kazi kwa ajili yetu sisi wawili. Uso wake ulikuwa mgumu.

"Hiyo tuktuk ilikuwa mbovu," akasema. "Shimo lenyewe nililipita vizuri kabisa. Niliweka katikati."

Mkewe akanitazama. Kisha akalitazama kopo.

"Mama, weka hiyo kopo hapo," akasema.

"Mami, hakuna haja ya hii mchezo," Daktari akamwambia mkewe.

"Mkono ni wangu," akasema mama yule, kwa upole uleule. "Endesha."

Daktari alipanda tuktuk kwa hasira. Nilimwonyesha klachi na gia mkononi, akaelewa upesi; kichwa alikuwa nacho. Akazunguka ua mara moja, akaja kwenye kopo polepole kabisa, akalipanga katikati, kushoto sawa, kulia sawa, kama alivyofanya miaka thelathini. Kopo likalia.

Daktari alishuka, akainama, akaliokota, akaligeuzageuza kama anayesoma picha ya eksirei. Mkewe alicheka kidogo tu, kwa sababu mkono ulikuwa bado unamuuma. Daktari akasema, "Niletee karatasi. Niandike kwa bosi wako na kwa huyo mtu wa Unguja." Aliandika, na mambo ya wakili yakaishia hapo. Kopo alibaki nalo, sikumdai.

Madam aliniondolea wateja miezi sita, nikawa wa kupanga faili. Nilistahili. Lakini kwanza aliniachia simu moja nipige mwenyewe.

Nilimpigia Makame nikamsalimu: za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za mvua. Alinijibu zote. Nikamweleza nilichosikia na nilichodhani, na nilivyokuwa nimeikuta bajaji yake ndani ya faili zangu mwenyewe. Nikamwomba radhi. Kwa zile wiki tatu alikuwa ameshaachia bajaji mbili kwa mtu mwingine, na fundi wake mmoja alikuwa amehamia Pemba.

Kisha akasema, "Haya. Mgeni wa Ijumaa mnaye?"

Basi. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Tulifanya kazi tena miaka mingine, na neno "shamba" hakulitaja hata kwa mzaha. Aliacha hata kulitumia. Bajaji ikiwa nje ya mji alisema "iko Paje", "iko Makunduchi", kijiji kwa jina lake. Watu wengine wangeona ni heshima. Mimi kila nilipoyasikia majina hayo nilijua kuna mlango aliokuwa ameufunga, na ufunguo wa mlango huo niliutupa mimi. Nilitamani anigombeze. Hakunigombeza.

Nilipostaafu, wenzangu walinichangia safari. Nilisafiri na dada yangu Ndinda, anayeogopa maji, kwenda kuona kisiwa nilichokiuza nusu ya maisha yangu. Bwana Makame alitupokea uwanja wa ndege. Hakuwa mrefu, wala hakuwa na mabega. Alikuwa mzee mfupi mwenye kofia safi na miguu ya matege. Alitusalimu hadi Ndinda akanikanyaga kwa siri. Kisha akanikabidhi bajaji ya bluu, akauliza kama nataka nizunguke naye kwanza kidogo.

"Bwana Makame, mimi ndiye mwalimu," nikamwambia.

"Kweli," akasema, akasogea pembeni kunipisha.

Nilijaza mafuta mjini. Nilifunika magoti. Mvua ilipotanda nilishusha mapazia mapema, na Ndinda akanisifu. Siku ya pili, barabara ya kusini, nikaona shimo. Nikalipitisha kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, kwa ustadi kabisa, nikageuka kumwambia dada yangu, "Umeona?" Nyuma ya shimo hilo kulikuwa na la pili. Mganga hajigangi. Gurudumu la mbele likazama, bajaji ikapiga magoti, tairi likatoa pumzi yote. Hatukuumia. Ndinda alitaja majina yote ya mitume.

Nilishuka, nikatafuta mtandao, nikampigia.

"Bwana Makame, hujambo? Za mchana? Wajukuu hawajambo? Mvua huko mjini imenyesha?"

"Imenyesha, Bi Mwikali. Kuna nini?"

Nilikuwa na jina la kijiji, lilikuwa limeandikwa kwenye kibao mbele yangu. Sikulisoma.

"Bajaji iko shamba," nikasema.

Nilisikia kuku upande wake, na mtu akipiga nyundo. Nilifikiri nimefanya kosa la pili.

"Shamba kwetu," akauliza Makame, "au shamba kwenu?"

Nilikaa ukingoni mwa barabara nikacheka huku machozi yakinitoka, dada yangu akiniuliza kama nimegonga kichwa, na kwenye simu nikamsikia Makame naye anacheka, na ule mlio wa nyundo ukakoma, na akamwambia mtu aliyekuwa naye alete tairi moja la mbele, waende shamba.